Swali Nililomuuliza Irene

Jumatano, saa kumi na moja jioni. Kibamba.

Mvua imenyesha tangu alfajiri na hadi sasa haijapumua. Njia ya kutoka barabara kuu hadi getini kwetu ni tope tupu, kiatu changu cha kushoto kimeachia soli. Nimejifungia ofisini, chumba kidogo kilichobanwa kati ya stoo ya vitabu na chumba cha walimu. Wanafunzi wanapita kwenye korido kama kawaida, ila wakifika usawa wa mlango wangu wanapunguza sauti. Hilo sijalizoea.

Leo asubuhi nimefanya jambo nililopaswa kulifanya wiki tatu zilizopita. Nilidhani nikilifanya nitapata amani. Sijaipata.

Kwa mnaonisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni mchungaji wa shule. Shule ni ya sekondari, ya kanisa, ya bweni, wasichana watupu, ila inapokea watoto wa dini zote. Kazi yangu ni ibada ya asubuhi, vipindi vya dini, na kusikiliza. Nina miaka arobaini na mitatu, kwetu Makete, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa. Wageni wakija huniita mama mchungaji, wakidhani nimeolewa na mchungaji, halafu huniuliza baba yuko wapi. Mimi ndiye mchungaji. Huwa nacheka, nawaonyesha kiti. Majina ya wasichana ninaowaandika hapa nimeyabadilisha.

Ilikuwa Alhamisi, kipindi cha tatu. Nilikuwa nasahihisha madaftari nikasikia kelele kutoka kidato cha nne B. Si kelele za kucheka. Kelele ya mtu mmoja, ndefu, halafu ya mwingine, halafu viti vikianguka. Matroni akaja mbio, kitenge kinamdondoka, "Mchungaji, njoo bwaloni, watoto wamepagawa!"

Nilipofika walikuwa watano chini, kwenye sakafu ya bwalo. Wa kwanza kuanguka alikuwa Irene. Irene ndiye anayeongoza kwaya yetu, mtoto mpole, mwenye sauti ya kumfanya mtu asahau alichokuwa anafikiria. Siku ile alikuwa anagalagala, meno yamekaza, macho meupe. Wenzake wanne walikuwa wanalia na kutetemeka pembeni yake. Madirisha yote ya bwalo yalijaa nyuso. Nadhani shule nzima ilikuwa pale.

Nilipiga magoti. Nikaweka mkono juu ya kichwa cha Irene. Nikaanza kuomba, kwanza kwa sauti yangu, halafu kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, maana walimu walikuwa wananitazama, wanafunzi walikuwa wananitazama, na kila mtu alikuwa anangoja nifanye kitu.

Ndipo nikauliza. Nikamwinamia nikasema kwa nguvu, mara mbili, "Nani amekuleta hapa? Sema! Nani amekuleta?"

Swali hilo sikufundishwa chuoni. Mwalimu wetu alituonya kabisa tusilitumie. Nililisikia nikiwa mtoto, kwenye mikutano ya injili ya uwanjani, wahubiri wakiliuliza pepo, na umati ukikaa kimya kusubiri jibu. Lilikuwa limelala ndani yangu miaka yote hiyo. Siku ile likaamka lenyewe.

Irene akafumbua macho kidogo. Akasema, "Somoe."

Jina likaruka kutoka dirisha hadi dirisha. "Kamtaja Somoe! Somoe kidato cha nne! Ndo maana!"

Nikainua kichwa. Somoe alikuwa amesimama mlangoni mwa bwalo, msichana mrefu, mkimya, anayeongoza darasa lao kwa hesabu. Mkononi alikuwa ameshika viatu vya Irene vilivyochomoka njiani. Niliviona vile viatu. Niliviona kabisa, na sikujiuliza kwa nini anavyo yeye.

Waliomzunguka walirudi nyuma wote kwa pamoja, akabaki peke yake katikati ya mlango.

Niwaeleze kidogo kuhusu Somoe. Wazazi wake wametokea Newala, wanaishi Manzese, baba yake ni mchonga vinyago. Ni Mwislamu, na alikuwa mmoja wa wasichana wachache waliokuwa wanakuja ofisini kwangu bila kuwa na shida yoyote. Alikuwa anakaa tu kwenye kile kiti cha plastiki, anasoma gazeti la jana, akimaliza anasema, "Asante Mchungaji," anaondoka. Nilikuwa napenda sana akija.

Baada ya nusu saa hivi wasichana wote watano walitulia. Wakapewa maji ya sukari, wakalazwa. Mwalimu wa nidhamu akanishika mkono akasema, "Mchungaji, una upako." Jioni kundi la wazazi kwenye simu lilijaa shukrani. Jumapili, huko ninakosali, mama mmoja alinifuata niende kuombea nyumba yake.

Na mimi nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu nimeahidi kutodanganya humu. Nilitembea siku tatu nikiwa nimenyoosha mgongo.

Jioni ya Alhamisi ileile niliona moshi nyuma ya jiko. Nikamuuliza mpishi kuna nini. Akanijibu huku anachambua mchele, "Wanachoma uchawi, Mchungaji. Wamefungua tranka la yule binti wamekuta kinyago."

Nilisimama pale kama dakika moja. Ilikuwa hatua thelathini kufika kwenye ule moto. Nikageuka, nikarudi ofisini, nikaendelea na madaftari.

Ijumaa baba yake aliitwa. Mkuu wa shule alimwambia ni vizuri binti apumzike nyumbani mpaka hali itulie, kwa usalama wake mwenyewe. Niliwaona kupitia dirisha hili hili wakielekea getini, mzee amejitwika tranka begani, binti nyuma yake ameshika godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba. Hakuna msichana hata mmoja aliyemsaidia kubeba.

Na mimi sikutoka.

Wiki ya kwanza nilijiambia Mkuu anajua anachofanya. Wiki ya pili nilijiambia atarudi. Wiki ya tatu nikaona tangazo la ratiba ya mtihani wa moko ubaoni, ule wa majaribio kabla ya wa taifa, unaanza Jumatatu ijayo, nikasoma orodha ya watahiniwa, nikakuta jina la Somoe limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi nikaenda Manzese.

Nilipaulizia nikaelekezwa. Ni kibanda cha mabati mbele ya nyumba yao, ubavuni mwa fundi wa kuchomelea mageti, kelele muda wote. Baba Somoe alikuwa amekaa chini kwenye kipande cha godoro, anapiga msasa mpingo. Ni mtu mzima, ndevu zimeshaingia mvi. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mchungaji. Karibu." Akanipa stuli yake, akaifuta kwanza kwa kanga ya zamani. Alivyonikaribisha vizuri vile nikaona aibu zaidi.

Nilianza kuzunguka. Nikauliza habari za kazi, habari za nyumbani, mvua. Akawa ananijibu taratibu, mkono hauachi msasa. Mwisho nikasema nimekuja kwa ajili ya Somoe, na nikataja kile kinyago kilichochomwa, nikasema nasikitika.

Hapo mkono ukasimama.

"Kile," akasema, "nilimchongea alipofaulu kidato cha pili. Ni bibi yake. Mama yangu mimi. Ndiye aliyemlea hadi anafika miaka tisa. Alipofariki hatukuwa na picha yake hata moja, sasa mtoto akawa analia, anasema ameanza kumsahau sura. Nikamwambia mie namkumbuka, ngoja." Akakitazama kile kipande cha mpingo alichoshika. "Naweza kuchonga kingine. Ila sitapata uso ule ule. Mikono haiwi ileile."

Nikarudia neno lilelile, nasikitika. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwa na la kusema.

Akamwita binti. Somoe akatoka uani, amejifunga kanga, mikono ina povu la sabuni. "Shikamoo Mchungaji." Nikaitikia. Hakukaa. Nikaanza kumwambia nimekuja kumpa pole, kwamba yaliyompata yameniuma, kwamba namuombea kila siku.

"Mie sitaki pole yako, Mchungaji," akasema. "Unisamehe kusema hivi mbele ya baba."

Nilidhani mzee atamkemea. Hakumkemea. Aliinamisha kichwa akaendelea na msasa.

"Ulimuuliza mbele ya shule nzima. Wote walikusikia. Huku Manzese ukinipa pole nani anasikia? Fundi wa mageti? Kama unaona nimeonewa, kaseme hukohuko bwaloni ulikouliza. Usiseme 'mwanafunzi mmoja'. Useme jina langu, kama lilivyotajwa."

Halafu akarudi uani kumalizia kufua.

Jumatatu nikaenda kwa Mkuu wa shule. Ni mtu mwema, sitaki mmuelewe vibaya. Ameijenga shule hii kutoka madarasa manne. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Mchungaji, sasa hivi bweni limetulia. Wanasoma. Wiki moja kabla ya moko unataka uwakumbushe? Wakianguka tena, safari hii ishirini? Liache."

Nikasema kuna mtoto nyumbani ambaye hasomi.

"Atafanya mtihani wa taifa. Huu wa moko si wa kufa na kupona." Kisha akauliza jambo ambalo limenikaa kichwani hadi leo. "Na wewe ukisimama ukasema ulikosea, siku nyingine ukiwaombea nani atakuamini?"

Nilitoka nikiwa nimekubali, karibu. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia Somoe kwamba nimejaribu.

Jana ndipo nikamwita Irene.

Sikuwa nimemuuliza chochote tangu siku ile, hata mara moja. Nilimwombea, nikasifiwa, nikamwacha. Alikuja akakaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti. Nikamuuliza anakumbuka nini.

"Nilikuwa sijala siku mbili," akasema. "Nilikuwa nimefunga kwa ajili ya moko."

Mimi ndiye niliyetangaza kufunga. Kwenye ibada ya Jumanne ya wiki ile niliwaambia kidato cha nne, anayeweza afunge, tuombee mtihani wetu. Sikusema siku ngapi. Sikusema maji yanaruhusiwa.

"Darasani nikaona giza," akaendelea. "Nikasikia watu wanapiga kelele. Nakumbuka mtu ameniweka kichwa kwenye mapaja yake, anasema Irene, Irene, pumua. Alikuwa Somoe. Halafu akaninyanyua, yeye na mwingine, wakanibeba hadi bwaloni. Nikawa nakuja napotea, nakuja napotea. Nikakusikia wewe unauliza, nani amekuleta hapa."

Akainua macho kunitazama.

"Nikakujibu," akasema. "Somoe ndiye aliyenileta."

Nje kengele ililia, watu wakapita, kengele ikalia tena.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi. Akaanza kulia. Alipozinduka, anasema, kila kitu kilikuwa kimeshaamuliwa. Wenzake walikuwa wanamkumbatia, wanamwambia pole umelogwa. Matroni alikuwa anamletea uji wa peke yake. Na alisema hivi, naandika kama alivyosema: "Mie nilifikiri labda wewe umeona kitu ambacho mie sijakiona, Mchungaji. Maana wewe unajua."

Nikamwomba ruhusa ya kulisema. Akatikisa kichwa kukubali. "Sema wewe. Mie siwezi kusimama mbele za watu." Msichana anayeimba peke yake mbele ya maaskofu.

Leo asubuhi, basi.

Ibada yetu ni saa moja na robo, bwaloni. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba nyimbo hazikusikika. Nilipanda jukwaani na Biblia, nikaona Mkuu amekaa mbele kama kawaida yake. Sikumwambia kwamba nitasema. Nilijua nikimwambia nitazuiwa, na nikizuiwa nitafurahi.

Kwa sababu ya mvua ilibidi nipige kelele. Jambo la kuungama kwa upole, nililipigia kelele kama mchuuzi wa sokoni.

Nilisema, wiki tatu zilizopita, hapa hapa, nilimuuliza Irene nani amemleta. Irene alijibu Somoe, kwa sababu Somoe ndiye aliyembeba kutoka darasani. Alikuwa amezimia kwa njaa, na njaa ile ilitokana na mfungo nilioutangaza mimi. Somoe hakumfanyia mtu yeyote ubaya. Alimshika mwenzake kichwa kisigonge sakafu. Alibeba na viatu vyake. Nikasema, kile mlichokichoma nyuma ya jiko kilikuwa sura ya bibi yake aliyekufa. Nikasema, niliuona moshi na sikuja. Nikasema jina lake lote, la kwake, la baba na la ukoo.

Walikaa kimya. Mvua ndiyo iliyokuwa inaongea.

Irene alikuwa safu ya tatu, ameinamisha uso hadi kwenye magoti. Nyuma kulikuwa na vicheko viwili vitatu, vile vya watu wasiojua wafanye nini. Halafu mtoto wa kidato cha pili, mdogo, miwani mikubwa, akanyoosha mkono. Sijawahi kuona mtu akinyoosha mkono kwenye ibada.

"Kwa hiyo Mchungaji, mapepo hayapo?"

"Sijasema hivyo," nikamjibu. "Nimesema mimi nilikosea."

Akakaa. Sidhani kama niliridhisha. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Saa mbili nilikuwa ofisini kwa Mkuu. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Nimetakiwa kuandika maelezo kufikia Ijumaa, kwa nini nimekiuka agizo la mkuu wa kazi. Kuanzia kesho ibada ya asubuhi itaongozwa na mwalimu wa historia mpaka bodi ikae. Nimepewa vipindi vyangu vya dini tu. Nilipokuwa natoka akasema, "Umemsaidia mmoja, Mchungaji. Tuombe usiwe umewavuruga mia tatu." Anaamini hivyo kwa dhati. Na mimi, nikikaa peke yangu, kuna wakati nasikia kama ana haki kidogo.

Wasichana waliochoma kinyago nawajua, wako wanne. Nimekaa hapa tangu saa nne nikiwangoja. Hakuna aliyekuja. Kwenye kundi la wazazi kuna mama ameandika kwamba mchungaji mwenyewe huenda ameingiliwa. Wengine wameweka mikono ya kusali chini yake.

Saa tisa nikampigia baba Somoe. Nikamweleza kila nilichosema, neno kwa neno, maana alikuwa na haki ya kujua. Akasikiliza. Nyuma yake mashine ya kuchomelea ilikuwa inaunguruma. Akasema, "Ngoja nimpe mwenyewe."

"Ulinitaja jina?" Somoe akauliza. Hakuamkia.

"Nilikutaja."

"Walisemaje?"

Nilitaka kumwambia walilia, walijuta, wanakungoja. Nikamwambia ukweli. "Walikaa kimya. Wengine walicheka. Sijui wanawaza nini."

Akavuta pumzi. "Na Irene?"

"Alilia. Anasema bado hawezi kusimama."

"Irene ni mwoga tangu kidato cha kwanza," akasema, na kwa mara ya kwanza nikasikia kitu kama huruma katika sauti yake. Sikuielekeza kwangu ile huruma. Haikuwa yangu.

Nikamwambia nimemuuliza mwalimu wa taaluma, jina lake litarudishwa kwenye orodha, akitaka. Akafikiri. Nilisikia anaongea na baba yake pembeni, simu imefunikwa.

"Nitakuja Jumatatu," akasema. "Nitafanya mtihani nirudi nyumbani. Bwenini silali tena."

"Sawa."

"Na Mchungaji. Ukiniona nimesimama peke yangu pale nje kabla hatujaingia, usije kunishika mkono mbele zao. Usije kuniombea. Niache nisimame."

Nikasema sawa. Simu ikakatika, au aliikata.

Sijauliza kama amenisamehe. Kuuliza kungekuwa kumtwisha mzigo mwingine, na tranka lake lilimtosha.

Maelezo ya Mkuu sijayaanza. Kesho nitavaa kola, nitapita kwenye lile tope, nitakaa siti za nyuma nimsikilize mwalimu wa historia akisoma zaburi. Kesho kutwa nitapeleka barua ya maelezo. Hayo ninayaweza.

Ninaloliogopa ni Jumatatu, saa mbili kasorobo, pale nje ya chumba cha mtihani. Yeye kasimama, wenzake wamejitenga, na mimi niko hatua kumi. Miaka yote nimejua kufanya mambo mawili tu mtu anapokuwa katika shida, kumshika na kumsemea. Nimeombwa nisifanye hata moja. Je, nitaweza kusimama pale, mikono chini, mdomo umefungwa, na bado nikawa mchungaji wake?